Matofali ya Oti ya Wifi Mwanaidi

Chai ndiyo ilikuwa ya kwanza kunikimbia. Siku chache baada ya dripu yangu ya kwanza nilipiga funda moja asubuhi, chai ya maziwa yenye hiliki kama ninavyoipenda, nikahisi kama nimewekewa sarafu ulimini. Nilimwita mume wangu, Hamisi, nikamuuliza amechemshia maji kwenye chombo gani. Akaionja, akasema iko sawa. Nikamwambia haiko sawa. Akaionja tena, akanitazama, akakiweka kikombe chini. Ndipo tulipojua kwamba tatizo halikuwa chai.

Naandika haya kwa ajili yako wewe uliyeambiwa jana au juzi kwamba una saratani, au wewe unayemuuguza aliyeambiwa. Sitakueleza ugonjwa huu unavyofanya kazi mwilini, kwa sababu sijui, na waliojua walipokuwa wananieleza mimi nilikuwa naangalia midomo yao tu inavyocheza. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Mbagala. Ninachokijua ni benchi la hospitali, mizani, ndoo ya plastiki kando ya kitanda, na wifi yangu. Hasa wifi yangu.

Uvimbe niliukuta kwenye titi la kushoto nikiwa naoga, wakati jua la mwanzo wa mwaka linachoma hadi bafuni. Mvua za masika zilipoanza nilikuwa nimeshapita kwenye vipimo vyote, nimeshalia vya kutosha, na nimeshapewa mpango: dripu sita za dawa kali, halafu upasuaji. Nilimuuliza daktari kama nitapona. Alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya chini, hana haraka na maneno. Akaniambia, "Tukizimaliza dripu zote bila kukatisha, tuna nafasi nzuri. Sisi kazi yetu ni dawa. Wewe kazi yako ni kula." Nilicheka. Mimi ni mtu wa Ujiji, nimekulia kando ya ziwa kwenye nyumba ambayo sufuria haikauki. Niliona nimepewa kazi nyepesi kuliko wote.

Benchi la kliniki lina mambo yake. Ukilikalia mara ya kwanza unajiona uko peke yako duniani. Mara ya pili unamjua jirani yako jina, unajua wanawe wanasoma wapi na anatapika mara ngapi kwa siku. Karibu yangu alikuwa akikaa mama mmoja kutoka Bunju, tulimwita Mama Neema, mzaliwa wa huko bara kwenye baridi. Alikuwa na mto mdogo alioushonea kitenge, anaukalia kwa sababu nyama za makalio zilikuwa zimemwisha. Siku ya dripu yangu ya pili, mvua inapiga mabati hatusikii majina yetu yakiitwa, aliuchomoa chini yake akanisukumia mimi. Sikujua mpaka nilipoukalia kwamba nami nyama zilikuwa zimeanza kuniaga.

Mwisho wa benchi ndipo ilipokuwa mizani. Kila mtu alipandishwa kabla ya kuingia kwa daktari, na kila mtu kwenye benchi alijifanya hatazami huku anatazama. Wengine walikunywa chupa nzima ya maji kabla ya kuitwa. Kuna bibi mmoja alipanda na mkoba wake kwapani, nesi akamwambia, "Bibi, naomba na hilo jiwe la kusagia uliweke chini." Tulicheka mpaka wengine wakashika ndoo.

Siku hiyo nilipopanda mimi, nesi alitazama namba, akatazama kadi, akanitazama mimi. Daktari hakuzunguka. "Umeshuka sana," alisema. "Ukija mara ya tatu umeshuka tena, dripu sikupi. Mwili hautaihimili. Na tukianza kuruka dripu, ugonjwa unapata nafasi ya kupumua." Nilitoka pale nimeelewa jambo moja tu, kwamba maisha yangu yamewekwa mdomoni mwangu na mdomo hautaki.

Nyumbani sio kwamba chakula kilikosekana. Tulikuwa tunaishi na mama mkwe wangu, Bi Tatu, mwanamke wa pwani hasa, aliyezaliwa Mbagala wakati bado ni mikorosho. Alinipikia uji wa pilipili manga, akanipikia mchuzi wa samaki changu, akanipikia maini. Nilikuwa nikisikia harufu ya kitunguu tu kikiingia kwenye mafuta, naanza kutafuta ndoo. Asubuhi ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alikuwa anasimama mlangoni na bakuli lake, mimi nimegeukia ukutani. "Kwani chakula changu kina nini, mwanangu?" aliniuliza siku moja. Nikamjibu kwa hasira kwamba kina harufu. Aliondoka na bakuli lake polepole, na Hamisi hakunisemesha mpaka jioni. Kisha na yeye akaanza kupandisha hasira: nisipokula ananigombeza, nikila nikatapika anatoka nje kusimama barabarani. Ugonjwa ni wa mtu mmoja, lakini nyumba nzima ilikuwa imekonda.

Hapo ndipo alipoingia Mwanaidi. Ni mdogo wake Hamisi, mpishi wa shughuli. Ukiona sahani za pilau na mkate wa kumimina kwenye harusi za upande wa Sinza, huenda ni mkono wake. Mie na yeye ni watani tangu siku niliyoolewa, aliposimama mbele ya watu akasema kaka yake ameoa mwanamke anayekula vitu vyenye macho. Alikuwa anasema dagaa. Watu wa Kigoma tunajivunia dagaa wetu, na yeye hajawahi kumweka mdomoni hata mmoja. "Siwezi kula kitu kinachoniangalia," ndivyo alivyokuwa akisema kila mama yangu akinitumia mzigo. Alikuja na begi lake na ufagio wake, akatangaza mlangoni, "Nimekuja kukaa. Usinishukuru wifi, kule kwangu Sinza baa mbele, baa nyuma, nimechoka na muziki."

Alinisindikiza kliniki kumwona mtaalamu wa lishe, dada mmoja mpole aliyetuambia nisingoje njaa, maana haitakuja. Nitafute kitu kikavu, kidogo, nikitafune asubuhi kabla hata ya kunyanyuka kitandani, na kiwe na protini nyingi: mayai, karanga, soya, maziwa. Akasema wako wagonjwa wanaojitengenezea vipande vya oti vya kifungua kinywa nyumbani. Mwanaidi akamuuliza, "Oti si ndo ule uji wa kizungu wa kwenye pakiti?" Dada akasema ndiyo huo. "Kwa hiyo ni kashata," Mwanaidi akasema, "ila imesoma."

Basi nikakaa kwenye mkeka barazani, nimejifunika shuka kwenye joto, nikamtazama mpishi wa harusi akipambana na oti. Hatukuwa na oveni. Alizikaanga zile oti kavu kwanza kwenye sufuria mpaka zikanukia, akatwanga karanga alizozitoa Buguruni, akaponda tende kwa maji ya moto, akachanganya na ndizi mbivu, mayai, unga wa soya na maziwa ya unga. Akakandamiza kwenye sinia kwa mgongo wa kijiko, akafunika bati, akapalia makaa juu na chini kama mkate wa kumimina. Mara ya kwanza moto wa juu ulizidi. Kilichotoka kilikatwa kwa panga, sitanii. Hamisi aligonga kimoja ukutani akasema, "Hili tungekuwa nalo wakati tunajenga." Toka siku hiyo jina likawa matofali. Mara ya pili alipunguza moto, yakawa makombo. Mara ya tatu akaongeza yai, akayaacha yapoe kabisa ndani ya sinia kabla ya kupitisha kisu, na yakatoka safi, yamenyooka pembe nne, laini kwa ndani. Vidonda vilikuwa vimeanza mdomoni, kwa hiyo akawa anachovya ncha ya tofali kwenye maziwa kabla ya kunipa. Mwanamke huyu amewapikia watu mia tano kwa mkupuo, na sijawahi kumwona amefurahi kama alivyofurahi nilipomeza tofali moja likakaa.

Usinielewe vibaya, sikulifurahia. Kila kitu kitamu bado kilikuwa kina sarafu ndani yake. Lakini nililazimisha, moja asubuhi, jingine baadaye, na suruali ya Hamisi niliyokuwa naivaa nyumbani ikaanza kunishika tena kiunoni. Mwanaidi aliyapanga kwenye kopo kubwa la maziwa, akaliweka rafuni jikoni, akaniambia anakwenda Bunju kupika harusi, atarudi baada ya siku kadhaa, na matofali yanatosha.

Yangetosha kweli. Ila hakukumbuka wageni.

Wewe unajua huku kwetu mgonjwa hatazamwi na mtu mmoja. Walikuja walimu wenzangu, wakaja kina mama wa madrasa, wakaja majirani wa mbele na wa nyuma. Na mama mkwe wangu kwake mgeni kuondoka na kinywa kikavu ni aibu ya ukoo mzima. Nikiwa chumbani nilikuwa namsikia akimimina chai ya tangawizi, kisha nasikia mfuniko wa kopo unafunguka. "Karibuni, hizi kashata amezipika mwanangu Mwanaidi kwa ajili ya mgonjwa. Kuleni, mumwombee dua." Na watu walikula, na walisifu. Jirani yetu Mama Shani alikuwa anakula moja na kufunga mbili kwenye ncha ya mtandio. Sasa ningesema nini? Ningetoka na kipara changu kumkataza mkwe wangu asiwakarimu watu waliokuja kunitazama mimi? Niliwaacha wakala. Kopo likaisha, nikarudi kwenye maji na ndizi nusu.

Dripu ya tatu sikupewa.

Nesi alirudia kunipima mara mbili, kama vile mizani ingenionea huruma. Daktari alinishika mkono akasema, "Nenda nyumbani, ule, urudi wiki ijayo. Ukiwa hivi tena, itabidi tukae upya tuzungumze." Mama Neema aliniona natoka bila bandeji mkononi, akajua. Hakuniambia pole. Alisogea, akapigapiga sehemu tupu ya benchi, tukakaa pamoja mpaka jina lake likaitwa.

Mwanaidi alikuwa ameshafika nyumbani niliporudi. Alinisikiliza, mimi kitandani na Bi Tatu kasimama mlangoni, akaenda jikoni, akarudi na kopo tupu.

"Mama, yaliyokuwa humu yako wapi?"

"Nimewapa wageni," alisema Bi Tatu.

"Yote?"

"Ulitaka niwape maji matupu?"

"Ndiyo, maji! Wapewe maji! Mtu kanyimwa dripu, mama!"

Bi Tatu alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama. Alijifunika uso kwa kanga, na sauti iliyotoka ndani yake ilikuwa ndogo mno kwa mwanamke mwenye mwili ule. "Nimemnyima dawa mtoto wa watu," alisema. "Mimi. Kwa mkono wangu." Nilishuka kitandani nikaenda kumkalia karibu, na hasira yote niliyokuwa nayo juu ya uji na maini na harufu ikaniishia. Nilimpenda sana saa ile. Hakufanya ubaya wowote, alifanya alichofunzwa na mama yake.

Aliapa kwamba hatarudia. Lakini kesho yake alasiri hodi ikabishwa mlangoni, na kabla mgeni hajavua viatu niliona mkono wa Bi Tatu unakwenda rafuni wenyewe. Mwanaidi naye aliuona. Akaninong'oneza, "Mama hawezi. Tukimkataza ataugua yeye, tuuguze wawili. Hii ishu niachie mie."

Alioka sinia mbili. Ya kwanza, ile njema, aliikata akaificha kwenye sanduku langu la nguo. Ya pili ilikuwa na kazi maalumu. Jikoni kulikuwa na mfuko wa dagaa walioletwa na basi kutoka kwa mama yangu, haujaguswa tangu nianze kuugua. Alinibebea mpaka chumbani kunionyesha, kaushika kwa vidole viwili na uso kaugeuza pembeni. Akawakaanga nje bila mafuta, mbali na dirisha langu, akawatwanga na vichwa vyao na macho yao mpaka wakawa unga, akaumimina wote kwenye zile oti, humo humo kwenye tende na ndizi. Nadhani tende na dagaa havijawahi kukutana kwenye chombo kimoja tangu dunia iumbwe. Yakatoka mazuri kwa sura, ya kahawia, yamenyooka. Akayapanga kwenye kopo la rafuni. "Tuone nani ataomba la pili," akasema.

Mama Shani ndiye aliyefungua dimba. Nilikuwa nachungulia kwa upenyo wa pazia. Aling'ata kama kawaida yake, kipande kikubwa, kisha taya zikasimama. Akaangalia juu. Akatafuna mara moja zaidi kwa heshima ya nyumba.

"Bi Tatu," alisema akishameza, "hizi za leo... zina afya."

"Ongeza, mwanangu, ziko tele."

"Ahsante mama, nimeshiba. Nilikulaga kabla sijaja."

Mwanaidi alikuwa jikoni amejiziba mdomo kwa mkono, mabega yanatikisika. Bi Tatu alipoonja mwenyewe alitoka nje kwa mwendo wa haraka, tukamsikia akitema nyuma ya choo na kumtaja Mungu. Mimi sikucheka, maana kulikuwa na jambo linanitokea. Lile kopo lilipofunguliwa harufu yake iliingia chumbani, na kwa mara ya kwanza tangu masika yaanze sikutafuta ndoo. Ilikuwa harufu ya nyumbani, ya dagaa wanaoanikwa mchangani Ujiji na mama yangu anawageuza kwa ufagio. Mate yalinijaa mdomoni. Nilikuwa nimesahau kama mate yanajaaga.

"Wifi," nilimwita, "niletee hiyo."

Alisimama mlangoni. "Hiyo si ya kula wewe. Hiyo ni ya ulinzi."

"Niletee."

Akaniletea, na nikala. Haikuwa na sarafu. Ilikuwa na chumvi, ilikuwa na moshi, ilikuwa na ziwa zima ndani yake, nami nikaitafuna mpaka ikaisha nikamwomba nyingine. Mwanaidi alibaki ameshika sahani. Kisha akaketi kwenye ukingo wa kitanda akaanza kulia, yeye ambaye sikuwahi kumwona analia hata kwenye msiba wa baba yake. "Kula," alikuwa ananiambia, "kula wifi yangu, kula na macho yao."

Baadaye alijaribu kuyaboresha, maana ana jina la kulinda. Akaondoa tende, akaweka karoti. Nikayakataa. Akaondoa ndizi, nikayakataa pia. Ulimi wangu uliokuwa umeharibika uliyataka yale yale ya ulinzi na si mengine, kwa hiyo akayaoka yale yale. Nami ningependa ujue hili kama uko kwenye kitanda chako sasa hivi: usiyafuate matofali yangu. Tafuta la kwako. Yawezekana la kwako lina embe bichi au lina kitu ambacho ndugu zako watakiona ni wazimu. Waombe wakuletee hata wakikushangaa, kisha mwambie daktari wako unachokula.

Tangu siku ile Mwanaidi aliweka sheria. Hakuna mtu kula peke yake. Kabla sijanyanyua kichwa alikuwa anakuja na sahani yenye matofali mawili na kikombe cha maziwa, anakaa kwenye mkeka mbele yangu, langu ananichovyea, lake anang'ata kavu. Nikimwuliza, "Kwani siku hizi unakula wenye macho?" ananijibu, "Yamefumbwa hayo, nimeyatwanga mwenyewe." Anatafuna, ananihadithia harusi ya nani imevunjika na bwana harusi gani alizidiwa na pilau. Siku ambazo siwezi, ananisubiri. Hamalizi lake mpaka nimalize langu. Hamisi alijaribu siku moja kutuunga mkono, akameza bila kutafuna, akasema amechelewa kazini. Ilikuwa Jumapili.

Wiki ile ilipotimia nilipanda mizani nimefumba macho. Nilimsikia nesi akivuta pumzi, kisha akasema kwa sauti ya benchi zima kusikia, "Mwalimu amepanda!" Wanawake walinipigia vigelegele, na wengine wao hata nguvu za kusimama hawakuwa nazo. Mwanaidi alimkumbatia nesi akamwinua juu. Siku ile nikapewa dripu ya tatu.

Ya nne ilikuja na ubaridi wa kipupwe, ambao safari hii uliniingia mpaka mifupani. Nyusi zilianguka, kucha zikawa nyeusi kama nimechuna embe bichi, nyayo zikafa ganzi nikawa natembea kama nakanyaga godoro. Vinywele vichache vilivyobaki kichwani Bi Tatu alininyoa mwenyewe kwa wembe, akinipaka mafuta ya nazi kila anapopita, ananiimbia taratibu nyimbo za kubembelezea mtoto. Wageni waliendelea kuja, na yeye aliendelea kuwafungulia kopo kwa moyo mweupe kabisa. "Za mgonjwa hizo, karibuni." Wote walikuwa wamefunga, au wametoka kula, au meno yanauma. Sijapata kuona kopo lililolindwa vizuri kama lile.

Mama Neema alimaliza dripu zake kabla yangu. Siku yake ya mwisho aliniachia mto wa kitenge, nami nilipomaliza nikamsukumia msichana mmoja aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi na mama yake. Upasuaji ulifanyika wakati wa mvua za vuli. Nilipozinduka titi halikuwepo, na Mwanaidi alikuwepo, na kwenye mkoba wake alikuwa na tofali lililofungwa kwenye kitambaa. Nililia kwa titi langu siku nyingi. Bado kuna asubuhi mkono wangu unakwenda kulitafuta nikioga. Sikwambii kwamba inaisha. Nakwambia tu kwamba nililia nikiwa nimeshiba.

Kisha vipimo vikaja vizuri, vikaja vizuri tena, na joto likarudi Mbagala, miembe ikaanza kuangusha. Nywele ziliota laini kama za mtoto mchanga. Mwanaidi alikuwa bado yuko kwetu. Kila nikimwuliza kuhusu Sinza anasema muziki haujapungua. Na kila asubuhi sahani ilikuja na matofali yake mawili, nami nilikula kwa mazoea huku akili iko shuleni, maana nilikuwa nimeruhusiwa kurudi kufundisha muhula ukifunguliwa.

Asubuhi moja Bi Tatu alinipa chai. Nikapiga funda, nikaliacha mdomoni. Hiliki. Hiliki, na maziwa, na sukari iliyo sukari. Sikusema kitu, niliogopa kuishtua. Nikanyoosha mkono nikachukua tofali langu, nikang'ata.

Ndugu yangu, sijawahi kuweka mdomoni kitu kibaya kama kile. Tende ilivuta huku, dagaa wanavuta huku, ndizi iko katikati inaomba msaada. Utamu wenye shombo. Nilitema kwenye kiganja, machozi yakanitoka, nikainua macho.

Mwanaidi alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele yangu, mahali pake pa kila siku. Alikuwa anatafuna lake, kavu, ameanza kunihadithia harusi ya Jumamosi. Uso umetulia kabisa.

"Wifi," nilisema. "Wewe hii unaionaje?"

"Kawaida."

"Mwanaidi."

Alimeza kwanza. "Mbaya," akasema. "Mbaya sana wifi. Siku za mwanzo nilikuwa nikitoka hapa naenda kutapika kwenye migomba kule nyuma. Mama ndo alikuwa ananishikia maji."

"Siku zote hizo?"

"Sasa ungekula na nani?"

Nilishindwa kumtazama, nikawa natazama sahani. "Lakini mimi nimepona," nilisema. "Tangu vuli nimepona. Mbona na leo umekula?"

Alilitazama lile tofali mkononi mwake, lililobaki nusu, na kwa mara ya kwanza nikaona uso wake unakunjamana kama wa mtoto aliyepewa dawa.

"Kwani uliniambia ulimi umerudi?"

Nililichukua kutoka mkononi mwake, nikaenda nalo jikoni pamoja na kopo, nikawasha jiko. Nikampikia chai ya hiliki na chapati za maji, nikamtengea pale pale kwenye mkeka, nikakaa mbele yake mpaka alipomaliza.